Malkia wa Kaloleni Husimama kwa Kichwa

Kocha hakuwahi kucheza chesi kimya. Watu wengine wakiketi mbele ya ubao hufunga mdomo na kuinamisha kichwa kama wako ibadani. Yeye aliketi akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka mmoja wenu ashindwe. Aliongea na mpinzani, akaongea na kete, akaongea na waliosimama nyuma ya kiti chake. Farasi wake akiruka, alimwambia, "Enda mjukuu wangu, enda uharibu boma la watu." Askofu wa mpinzani akikaa vibaya, alimuuliza, "Na wewe baba, leo misa iko wapi?" Sisi tuliokuwa tukijifunza tulicheka hadi tukasahau zamu ni ya nani, na huo ndio wakati aliokula malkia wako.

Pale kwenye ukumbi wa mtaa wetu, Kaloleni, kila mtu alimwita Kocha, hata wazee waliomzidi umri, hata mkewe akiwa amekasirika. Mimi nilimjua nikiwa shule ya msingi, msichana wa Kikamba ambaye baba yake alikuwa dereva wa lori na mama yake hakutaka nizurure. Siku hizi nina watoto na kazi ya ukarani katika godauni moja kule Industrial Area. Katikati ya hapo nimemwona karibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi alikuwa anataka kitu kilekile.

Alitaka kuchezea Kenya. Si kuwa bingwa, hapana. Hata yeye na domo lake hakufika huko. Alitaka mara moja tu, hata ubao wa mwisho, hata timu ikiwa ya kushika mkia, aketi mbele ya mgeni kutoka nchi nyingine na bendera ndogo ya Kenya iwe mezani upande wake. "Kabendera," alituambia, akionyesha urefu wake kwa vidole. "Kadogo hivi. Kanawekwa hapa, karibu na saa." Kisha aliitazama ile nafasi tupu mezani kwa muda, na mmoja wetu ilibidi amkumbushe kwamba ni zamu yake.

Alikuwa na pasipoti. Mtu aliyekuwa hajawahi kuvuka hata mpaka wa Busia, na kwao ni karibu na hapo, alikuwa na pasipoti ambayo ilizeeka bila mhuri, akaenda akapanga foleni akapata nyingine, nayo ikaanza kuzeeka. Mama Nafula, mkewe, aliiweka ndani ya bati la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Siku moja nikamuuliza mama huyo kwa nini anamkubalia upuuzi kama huo. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho. "Hii chesi nilipata ikiwa kwa hii nyumba," alisema. "Mimi ndio nilikuja nyuma."

Alitufundisha tuseme kwa pamoja, kabla ya kufungua ubao, asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuliisema kila Jumamosi kama watoto wa chekechea. Basi sasa niseme ukweli: katika maisha yangu sijaona mtu asiyekubali kushindwa kama yule. Akishindwa aliinuka bila kukupa mkono, akatoka nje, akauzunguka uwanja wa mpira mikono ikiwa mgongoni, na wachezaji wa mpira wakimwona wanaambiana, "Kocha amechapwa leo, msimguse." Chakula hakuli siku hiyo. Kuna kijana wa Dandora, mwimbaji wa rap, mpole sana licha ya cheni zake, ambaye alimshinda mbele ya watu. Kocha aliupanga na kuupangua mchezo ule ubaoni juma zima. Jumamosi iliyofuata hatukumwona ukumbini. Alikuwa ametembea kwa miguu hadi Dandora, akamtafuta yule kijana nyumba kwa nyumba, akatoa ubao mfukoni, akampangia kete na kumwonyesha mahali ambapo angestahili kushindwa.

"Sawa budaa," kijana alimwambia. "Nimeona. Lakini si nilishinda?"

Hiyo hadithi kijana ndiye aliyetuletea. Kocha mwenyewe alisema alikuwa ameenda kumwona mgonjwa.

Kanisani kwao alikuwa mtu wa kupokea sadaka na kuonyesha wageni pa kuketi, na alipenda maombi marefu. Kabla ya mechi zetu na mitaa mingine alitushikisha mikono, akafumba macho na kumweleza Mungu kila kitu. "Baba, tunaweka hawa ndugu zetu wa Buruburu mikononi mwako. Usiwadhuru. Wana magari yao huko nje, walinde. Wape tu usingizi, Bwana. Wape usingizi kidogo karibu na saa tisa." Watu wa Buruburu wenyewe walikuwa wamesimama pale pale, wameshikwa mikono, wakiitikia amina.

Mkononi alinukia sabuni. Alifanya kazi kiwanda cha sabuni za miche mpaka walipoleta mashine nyingine na kupunguza watu, na baada ya hapo akawa anabeba hiki na kile kwa wenye maduka, lakini ile harufu haikumtoka. Mpaka leo nikifua nguo na mche wa sabuni namwona ananiuliza kwa nini nimemwacha farasi wangu bila mlinzi.

Sasa nieleze habari ya malkia, maana bila hiyo hutaelewa yaliyompata.

Kete zetu za ukumbini zilikuwa za plastiki, mabaki ya seti nyingi zilizochanganywa kwenye mfuko mmoja wa unga. Mahali pa askari waliopotea tuliweka vifuniko vya soda. Malkia walikuwa wamepotea wote. Sijui nani alianza kuiba malkia, lakini ukileta mpya Jumamosi hii, Jumamosi ijayo hayupo. Ngome, zile kete zilizo kama minara, zilikuwa nyingi hadi zikatuzidi. Kwa hiyo malkia wa Kaloleni alikuwa ngome iliyogeuzwa juu chini. Ilisimama kwa kichwa, imara kabisa, na hakuna aliyeuliza. Askari wako akivuka ubao wote na kufika mwisho, pale anapogeuka kuwa malkia, mkono ulienda wenyewe kwenye ngome, ukaipindua, ukaibandika mezani kwa kishindo. "Malkia!" Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Hivyo ndivyo Kocha alivyocheza tangu zamani ambazo mimi sikuwepo. Tulikuwa na mambo mengine ya kienyeji pia. Ule mwendo wa kumficha mfalme, ambapo mfalme na ngome hupishana kwa pamoja, tuliufanya kwa mikono miwili kwa mpigo mmoja, chap, kama mtu anayebadilisha sufuria jikoni.

Mashindano ya wazi alikwenda kila alipoyasikia. Mwaka mmoja alipata malaria akacheza huku anatetemeka. Mwaka mwingine alianza vizuri akaja kukosa nafasi kwa nusu pointi. Nusu pointi! Alilisema neno hilo kama jina la jirani mbaya. Mwaka mwingine, kakake alifariki siku ya kwanza ya mashindano, naye akacheza raundi moja kwanza kabla ya kupanda basi la magharibi. Hilo watu wa kwao hawajamsamehe, na sidhani kama yeye mwenyewe amejisamehe. Raundi yenyewe alishindwa.

Kisha ikaja sukari. Ilikuja polepole, na yeye akaipuuza. Tulimwambia aache chai ya sukari, akatuambia chai bila sukari ni maji ya kuoshea sufuria. Sikio la kufa halisikii dawa. Macho ndiyo yaliyoanza. Ukumbini alianza kushika kete kabla ya mchezo, moja moja, akisema anazipanga vizuri, kumbe anazihesabu kwa vidole. Askofu na askari walianza kumchanganya, maana kwa mbali wanakaribiana umbo. Alipunguza kuongea. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Kocha asiyeongea si Kocha. Daktari alimwambia jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata; halitafika mwaka mwingine likiwa na nuru ya maana. Aliniambia haya akiwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Kuna ile open ya kuchagua timu," alisema. "Kwenye shule moja huko town, mwezi ujao. Wanachukua wanaume na wanawake. Hii ndio yangu, Mutheu. Baada ya hii hakuna ingine."

"Kocha, utaona ubao?"

"Nitaona."

"Na ukiwa umechoka?"

"Nitaona, nimekwambia!" Alipaza sauti hadi watu wakageuka. Halafu akanishika mkono. "Twende wote. Wewe pia ucheze. Ukiwa karibu nitatulia."

Hivyo ndivyo nami nilivyojiandikisha, mtu niliyekuwa nacheza kwa kujifurahisha, ili mwalimu wangu asipotee njia ya kwenda chooni.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na karatasi ya sheria ukutani, imebandikwa karibu na mlango, kwa herufi ndogo. Nilianza kumsomea. Nilisoma ya simu, ya kuchelewa, ya mkono mmoja kwa kila mwendo, nikasoma kwamba mwendo usio halali ukirudiwa mara ya pili unapoteza mchezo. Hapo akanikata. "Mutheu, sheria za chesi nilizijua ukiwa bado hujazaliwa. Wewe nitafutie kiti chenye mwanga." Nikamtafutia kiti chenye mwanga. Mistari ya chini nilikuja kuisoma peke yangu saa ya chakula, na mmoja ulisema kwamba ngome iliyosimama juu chini ni ngome tu. Nilicheka nikiwa peke yangu pale ukutani, nikasema nitamhadithia, atafurahi. Lakini nilimkuta anatabasamu na mkate wake mkononi. Alikuwa ameshinda asubuhi, na hakutaka kusikia lolote isipokuwa jinsi alivyoshinda. Basi likapita.

Maana alikuwa anashinda. Mgala muue na haki yake mpe: mzee yule, na jicho moja bovu na la pili mbioni, alicheza siku zile kuliko nilivyowahi kumwona. Aliinama hadi pua yake ikakaribia kete. Hakuongea hata neno. Jasho lilimtoka, akalipangusa kwa leso aliyofungiwa na Mama Nafula. Alishinda, akatoka sare, akashinda tena. Vijana wa chuo kikuu walianza kuja kusimama nyuma yake, wakinong'onezana, huyu mzee ni nani? Jumapili alikosa ibada. Alikuwa amemwomba pasta ruhusa kwa simu, akisimama wima kana kwamba pasta anamwona.

Kabla ya raundi ya mwisho nilienda kuangalia matokeo yaliyobandikwa. Nikarudi nikamwambia. Akishinda, yuko kwenye timu. Sare haitoshi. Akishindwa, basi. Alinisikiliza akiwa amefumba macho ili ayapumzishe.

"Na mimi ni rangi gani?"

"Nyeupe."

"Mungu ni mwema," alisema, na midomo yake ilikuwa mikavu kabisa.

Mpinzani wake alikuwa mwanafunzi wa chuo, kijana nadhifu mwenye miwani, aliyesimama na kumpa mkono kwa heshima na kumwita mzee. Sikuweza kumchukia, na nilijaribu. Mchezo wangu ulikuwa meza ya tatu kutoka hapo, kwa hiyo niliusikia mkosi wa kwanza kabla ya kuuona. Nilisikia mwamuzi akisema, "Mzee, mkono mmoja." Kocha alikuwa amemficha mfalme kwa mikono miwili, chap, kisha akapiga saa kuonyesha amemaliza. Mwamuzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimweleza kwamba hilo linahesabiwa mwendo usio halali, na akamwongezea kijana muda kwenye saa. "Ukirudia kosa lolote kama hilo umepoteza mchezo," alisema. Kocha aliitikia kwa kichwa. Shingo yake ilikuwa imelowa.

Mchezo wangu uliisha mapema. Nilishinda, na nakwambia kweli sikujali. Nikaenda nikasimama karibu na meza yake, upande ambapo angenitambua kwa gauni langu la manjano.

Alikuwa anaelekea kushinda. Mtu yeyote anayejua chesi angeona. Malkia wote wawili walikuwa wameshaliwa, kijana alibaki na askofu na askari wachache upande usiofaa, na Kocha alikuwa na askari mmoja anayepanda. Hakuna wa kumzuia. Askari yule alipanda hatua, na mwingine wangu moyoni akapanda naye. Saa ya Kocha ilikuwa imebaki na muda mdogo sana. Watu walijazana. Kijana alikuwa amelegea kitini kama mtu anayengoja tu heshima ya mwisho.

Askari akafika.

Mkono wa Kocha ukatoka, ukaenda kwenye kete zilizoliwa pembeni mwa meza. Malkia wake mweupe alikuwa pale, nyuma ya chupa ya maji ya kijana, mzima kabisa, na taji lake. Mkono haukumtafuta. Miaka yote mkono ule ulikuwa haujawahi kutafuta malkia. Ulipapasa, ukashika ngome, ukaipindua, ukaibandika kwenye kisanduku cha mwisho kwa kichwa, na kupiga saa.

Kijana alikuwa ameitazama kete, na nikaona macho yake nyuma ya miwani yakipepesa mara moja. Hakusema kitu. Alikuwa na haki ya kutosema. Akamsogeza mfalme wake.

Mtazamaji haruhusiwi kuongea. Ningesema neno, mchezo ungeharibika na yeye angeadhibiwa kwa msaada wa nje. Nilisimama pale nimeuma ulimi, nasema kimoyomoyo, Kocha, isogeze wima, Kocha, isogeze tu mbele kama ngome, bado utashinda, bado unaweza. Na kweli angeweza! Ngome ilitosha. Ningependa mtu anielezee, mpaka leo, kwa nini Mungu alimpa ubongo ule wote halafu amnyime sekunde ile moja ya shaka. Aliishika kete yake, akaitelezesha kwa pembe, mshazari, kama malkia, hadi mbele ya mfalme, na kwa mara ya kwanza siku zote hizo akafungua mdomo mbele ya ubao.

"Meti!" akasema, yaani mfalme hana pa kukimbilia. "Meti, kijana wangu!" Na akapiga saa.

Alikuwa anacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Kijana alisimamisha saa taratibu. "Samahani, mzee," alisema. "Hiyo ni ngome."

"Hii?" Kocha aliigusa. "Hii ni malkia."

Mwamuzi akaja. Akaangalia ubao, akaangalia karatasi ya kijana iliyoandikwa kila mwendo, akauliza walichofanya, na kila mmoja akajibu. Kisha akainama ili uso wake uwe karibu na wa Kocha. "Mzee, ngome hata ikisimama kwa kichwa ni ngome. Ngome haiendi mshazari. Na hii ni mara ya pili."

"Lakini mlijua ni malkia," Kocha alisema. "Wote mmejua. Kijana, wewe hukujua?"

Kijana aliangalia chini.

"Uliza mtu yeyote! Uliza Kaloleni nzima! Mutheu, waambie." Alikuwa anageuza kichwa akinitafuta, na nilikuwa mbele yake. "Mutheu, waambie malkia husimama aje."

Nikasema, "Ni kweli, madam. Kwetu ndivyo tunavyocheza."

"Nakuamini," alisema yule mama, na nadhani aliniamini kweli. "Lakini hapa si Kaloleni."

Waliandika matokeo. Watu walitawanyika kwa ile haraka ya watu walioona aibu isiyo yao. Kocha alibaki kitini. Aliinua ile ngome, akaigeuza ikasimama wima, akaishusha. Akaiinua tena. Nilimwambia twende na hakunisikia, kwa hiyo nikamshika chini ya kwapa kama mgonjwa na kumwinua.

Alikataa gari. Tulitembea kutoka town, tukapita Muthurwa na kelele zake, tukashika Jogoo Road jua likiwa bado kali, mimi nikimwambia shimo hili, ukingo huu. Niliongea mimi. Nilimwambia mchezo ulikuwa wake, kila mtu aliona, hata yule kijana anajua. Nilimwambia atakata rufaa, ingawa nilijua hakuna rufaa. Karibu na soko la Burma alisimama, akafunika uso kwa ile leso, na mabega yakaanza kumtetemeka. Watu walitupita. Mama mmoja mwenye karai la matumbo alisimama akauliza, "Amefiwa?" Nikamjibu ndiyo.

Mama Nafula alikuwa mlangoni. Alimtazama mumewe mara moja, akaingia kuwasha jiko.

Hakurudi ukumbini tena. Nilikuwa nikipita kwake baada ya kazi, nikimpelekea majani ya chai. Mwanzoni aliniambia hajisikii vizuri, kisha akaacha kutoa sababu. Jicho la kulia lilizimika kabla ya mvua za masika, sawasawa na alivyosema daktari.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Nilimkuta kwenye kochi, redio imewashwa kwa chini, miguu imewekwa juu ya kigoda. Aliitambua hatua yangu.

"Mulembe, Mutheu."

"Mulembe, Kocha."

Nilikuwa nimekuja na habari na nilikuwa naiogopa. Nikaanza na jambo jingine. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna watu vipofu wanaocheza chesi kwa kichwa, bila ubao, mmoja anasema mwendo na mwingine anajibu. Nikamwambia tujaribu. Nilidhani nimemletea zawadi. Alikaa wima, nikaona uso wake umechangamka kidogo, akasema mwendo wake wa kwanza, ule ule anaoanza nao siku zote. Nikajibu. Akasema mwingine. Nikajibu. Tulienda hivyo kidogo, kisha akasema farasi aende mahali ambapo hangeweza kufika.

"Farasi yuko wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia.

"Na askofu?"

Nikamwambia. Midomo yake ilikuwa inasogea. Mkono wake ulianza kupapasa kwenye paja, unatafuta.

"Sioni," alisema. "Watu husema eti iko kwa kichwa. Kwangu haiko. Nilikuwa nacheza na macho, Mutheu. Huku ndani ni giza tu." Akajigonga kwenye paji la uso, si kwa nguvu, lakini akaendelea kujigonga mpaka nikamshika mkono.

Redio ikaimba nyimbo za injili. Kisha akauliza, bila kunigeukia, "Majina ya timu yametoka?"

"Yametoka."

"Yule kijana yuko?"

"Hakufaulu. Alishindwa na pointi za wenzake."

Aliitikia kwa kichwa. "Na wanawake?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini angesikia kwa mtu mwingine, na hilo lingekuwa baya zaidi. "Mimi niko, Kocha. Wamenichukua. Ubao wa mwisho."

Nilingoja. Niliamini, na sijui kwa nini niliamini, kwamba atafurahi. Nilikuwa mwanafunzi wake. Kila mwendo ninaoujua ni wake. Nilikuwa nimeshauona uso wake ukifurahi, nilipokuwa njiani nikija.

"Usiende," alisema.

"Kocha?"

"Usiende. Waambie umekuwa mgonjwa. Wewe bado mchanga, utapata mwaka mwingine, na mwingine. Lakini hii usiende." Alikuwa amenishika mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko nilivyofikiria. "Nimekuomba kitu kwa maisha yako? Sijawahi. Sitaweza kukaa kwa hii kiti nikijua uko huko umewekewa kabendera. Sitaweza, mama. Nitakufa."

"Baba Nafula!" Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. "Shindwe! Shetani ashindwe! Huyo si mtoto wako?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Kocha na hakuyapangusa. Nilimchukia pale, nakiri, kisha nikamhurumia, kisha vyote viwili kwa pamoja, na sikujua nishike kipi.

"Nitaenda, Kocha," nikasema.

Vidole vyake vililegea kimoja kimoja, akauachia mkono wangu na kuweka wake juu ya goti.

"Najua utaenda," alisema. "Basi enda. Lakini ukirudi, usikuje kunihadithia."

Nilienda. Nilicheza, nikashindwa zaidi ya nilivyoshinda, na nikarudi. Jumapili iliyofuata nilimpelekea majani ya chai. Tuliongea habari za mvua, na za goti la Mama Nafula, na za mfereji wa maji uliopasuka nyuma ya ukumbi. Hakuniuliza. Bado ninaenda, karibu kila Jumapili, na mpaka leo sijamhadithia.